Jaribio Linangoja Nini?

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Mliovuka kutoka Mokowe na mliotoka Shela, karibuni sana Lamu mjini.

Nataka tuzungumze jambo moja: jaribio linalokwama kwenye kivinjari mpaka muda wake ukaisha. Umeandika programu ya kujaribu ukurasa wa kukatia tiketi za boti. Inafungua kivinjari, inajaza jina la abiria, inabonyeza "Lipa", kisha kimya. Sekunde 30 zinapita, yanatoka maandishi mekundu: muda umekwisha. Hapo mkono wa wengi wetu unakwenda kwenye ile namba. 30 inakuwa 60, 60 inakuwa 120. Nawasihi, uzuieni mkono huo.

Mimi nilipoteza siku nne hivyo. Kwenye kompyuta yangu jaribio linapita, kwenye seva linaanguka. Nikaongeza muda mara tatu. Mwishowe nikaliagiza lipige picha ya skrini pale pale linapokwama. Kumbe kitufe kipo, ila kimefunikwa na kile kisanduku kinachoomba idhini ya vidakuzi (cookies). Kwangu nilishakikubali zamani. Kwenye seva kila kivinjari huanza upya. Ningeliachia mwaka, lingengoja mwaka.

Nahodha anayepita mkondo wa Mkanda kwenda Pate hasemi "nitaondoka saa nane". Hungoja maji yajae, na maji hayaji saa ile ile kila siku. Husogea kama dakika 50. Basi nanyi msiandike "lala sekunde 5". Andikeni "ngoja mpaka kitufe kibonyezeke". Kikiwa tayari mapema, jaribio linaendelea mapema.

Tena jueni ni saa ipi iliyolia, yaani ni ukomo upi wa muda uliokwisha, maana ziko kadhaa. Kanuni ya WebDriver, ile inayoruhusu programu kuendesha kivinjari, usipobadilisha kitu, huupa ukurasa milisekunde 300,000 kupakia, yaani dakika 5. Hati (script) inayoendeshwa ndani ya ukurasa hupewa 30,000. Kutafuta kipengele cha ukurasa, kama kitufe, hupewa 0. Sifuri! Yaani hakingojewi hata kidogo. Hapo wengi huumia. Juu yake kuna saa ya chombo chenu cha majaribio.

Na kichupo (tab) kilichofichwa kina mambo yake. Tangu Chrome 88, mwaka 2021, ukurasa uliofichwa zaidi ya dakika 5 huenda vipima muda vyake vikaamshwa mara moja tu kwa dakika.

Haya, fungueni kompyuta. Mwenye jaribio lililokwama aje hapa mbele, tuitazame picha yake ya skrini pamoja.