Mkuu wa Jeshi la Anga Aliyewapa Watu Laini za Simu

ZUHURA: Haya karibuni tena jamani, leo tuko Myanmar, ile iliyokuwa inaitwa Burma, na tunamzungumzia Jenerali Myat Hein. Kaka Musa, wewe ndo umemng'ang'ania huyu mzee wiki nzima.

MUSA: Nimemng'ang'ania kweli dada, kwa sababu wengi tukisikia jenerali kaingia siasa tunajua kapindua nchi basi, huyu hakupindua, huyu alikuwa mkuu wa jeshi la anga, Februari 2013 akavua magwanda akawa waziri wa mawasiliano na teknolojia kwenye serikali ya Rais Thein Sein, ambaye na yeye ni jenerali mstaafu.

ZUHURA: Kutoka kwenye ndege za kivita mpaka wizara ya simu, moja kwa moja?

MUSA: Moja kwa moja. Na usiipite hiyo tarehe, maana mwisho wa Desemba 2012 ndege za jeshi zilikuwa zinapiga mabomu maeneo ya karibu na Laiza, ngome ya waasi huko Kachin kaskazini, na mkuu wa jeshi la anga alikuwa ni yeye. Wiki chache tu baadaye anakaa mezani na makampuni ya simu ya dunia nzima.

ZUHURA: Mh. Na wizara yenyewe ilikuwa na hali gani?

MUSA: Ilikuwa imetoka kwenye uchunguzi wa rushwa, waziri aliyekuwepo kajiuzulu Januari. Na simu zenyewe zilikuwa anasa, yani miaka ya 2000 laini moja ilikuwa zaidi ya dola 1,000, laini tu, simu hujanunua! Hata 2012 huko mtu mmoja kwa kumi kuwa na simu ilikuwa bado. Aprili 2013 kampuni ya serikali, MPT, ikatoa laini za bei chee za kyat 1,500, kyat ndo hela ya huko, hazifiki hata dola mbili, ila zilikuwa hazitoshi ikabidi watu wachezeshwe bahati nasibu kuzipata.

ZUHURA: Bahati nasibu ya laini ya simu jamani.

MUSA: Eeh. Alafu Juni mwaka huo huo wakatangaza washindi wa leseni, Telenor ya Norway na Ooredoo ya Qatar, 2014 wakaanza kazi, na laini kyat 1,500 kila mtu anajinunulia mwenyewe. Hapo ndo mama muuza mboga jijini Yangon akapata simu, mkulima akapata simu, na mimi hiyo sifa simnyimi, alichofanya kilionekana.

ZUHURA: Ila kuna ila.

MUSA: Ila Oktoba 2013, chini ya wizara hiyo hiyo, ikapita sheria ya mawasiliano, ndani kuna kifungu cha 66(d), ukimkashifu mtu kwa njia ya mtandao ulikuwa unaweza kwenda jela mpaka miaka mitatu. Ngoja nikupe mfano mmoja uone. 2015 mwanaharakati mmoja wa kike aliweka Facebook picha ya kiongozi wa upinzani Aung San Suu Kyi kavaa nguo ya kijani, na pembeni sare mpya za maafisa wa jeshi, rangi ile ile, akaandika kama mnampenda mama hivyo basi chukueni kipande cha htamein yake mjifunge kichwani.

ZUHURA: Htamein ndo nini?

MUSA: Ile nguo wanayojifunga wanawake kiunoni, kama kanga tu. Sasa kule kuna imani kwamba mwanaume akipita chini yake au ikimgusa kichwani nguvu zake za kiroho kama mwanaume zinapotea, kwa hiyo kwa wanajeshi lile lilikuwa tusi zito. Desemba akafungwa miezi sita kwa kifungu hicho hicho.

ZUHURA: Kwa posti moja! Na si ndo hizo htamein waandamanaji walizozitundika kwenye kamba barabarani 2021 baada ya mapinduzi, askari wakawa wanasimama kuzishusha kwanza ndo wapite?

MUSA: Ndo hizo hizo. Ndo maana mimi simuelewi mtu anayesema huyu alikuwa mwanamageuzi full stop, mlango kaufungua kweli lakini kufuli kaliacha pale pale, na funguo wanazo wanajeshi wenzake.

ZUHURA: Mimi ndo kinachoniuma, watu wanapewa simu kwa furaha yote ile, kumbe kifungu kinawasubiri. Na Suu Kyi alipoingia madarakani 2016 si angekifuta?

MUSA: Hakukifuta dada. Walikirekebisha 2017, mshtakiwa akaweza kupata dhamana, ila kikabaki, na waandishi wa habari wakaendelea kushtakiwa. Alafu Februari 2021 jeshi likapindua, siku chache tu Facebook ikafungwa, Telenor wakawa wanabanwa wawashe mitambo ya kunasa mawasiliano ya wateja, wakaamua kuuza wakaondoka 2022. Ooredoo nao wakauza. Soko lote alilolifungua likarudi mikononi mwa watu ambao wananchi hawawaamini.

ZUHURA: Na ndege?

MUSA: Ndege zinaendelea. Aprili 2023 zilipiga kijiji cha Pazigyi mkoani Sagaing, watu zaidi ya 160 wakafa, watoto wamo. Yeye alishaondoka kwenye ukamanda miaka kumi nyuma, simbebeshi hilo. Ninachotaka msikilizaji akishike ni kwamba habari za Pazigyi dunia ilizipata kutoka kwa watu wa hapo hapo, na aliyezituma anajua kabisa kwamba anaweza kufungwa.

ZUHURA: Na bado akatuma.

MUSA: Bado akatuma, na mpaka leo wanatuma.