Mto wa Mtoto wa Panga ya Saidi

Nitaanza na mto wa kulalia. Mto wenyewe haupo, ulioza zamani sana. Lakini kuna kichwa cha mtoto kilichoinama, na kichwa hicho ndicho shahidi wetu.

Mwenye kichwa wataalamu wamemwita Mtoto, kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Alizikwa takriban miaka 78,000 iliyopita katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, na ndilo kaburi kongwe zaidi la binadamu linalojulikana barani Afrika. Vipande vya kwanza vilionekana 2013, shimo la kaburi likafikiwa 2017, kama mita 3 chini ya sakafu. Mifupa ilikuwa imechakaa hata ukiigusa inageuka unga. Basi waliacha kuichokoa. Wakakata bonge zima la udongo, wakalifunga plasta kama mguu uliovunjika, likapelekwa Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na baadaye Burgos, Hispania. Meno mawili ndiyo yaliyowafumbua macho: ya binadamu, tena wa miaka miwili na nusu au mitatu hivi.

Sasa, mtu ataniuliza, wamejuaje kwamba alizikwa, hakufia tu pangoni? Udongo wa ndani ya shimo si sawa na wa pembeni. Tena viungo vimekaa mahali pake, mbavu bado zina mpindo wake. Maiti iliyoachwa nje isingebaki hivyo, fisi wangeitawanya usiku wa kwanza.

Mtulinga wa kulia na mbavu za juu zimezungukia ndani, kama ilivyo kwa mwili uliofungwa kitu kikaubana mabegani. Majani au ngozi, chochote kile, kwangu mimi hiyo ni sanda. Kichwa nacho kilikuwa kimeegemezwa. Kile kilichokiegemeza kilipooza, pakabaki upenyo, shingo ikateguka, kichwa kikashuka. Huo ndio mto wetu.

Nilipotaja sanda nimeona baadhi yenu mkitazamana. Subirini basi, maana alilazwa kwa ubavu wa kulia. Najua mmekumbuka mwanandani, ule uchimbo wa ubavuni mwa kaburi letu Waislamu, hata mimi nilikumbuka. Ila tusimvike dini yetu mtu wa zama zile. Kaburi moja halitoshi kuwa desturi. Na magoti yake yalikunjwa hadi karibu na kifua. Nina mjukuu wa umri huo huo. Jana usiku nilimfunika shuka, naye amelala vivyo hivyo.