Posa iliyovunjwa kwa ajili ya kope

Assalaam alaykum, mama zangu na baba zangu wa Chake Chake. Mnaonijua mnajua nitaanzia wapi: kwenye ile posa.

Kijana kaposa, mahari yameshatajwa. Wazee wake wakamkuta mama wa msichana jioni: kope zimeangukia macho, sauti inatokea puani, kikombe cha chai kinamwelemea. Asubuhi yake alikuwa mzima, kafagia uwanja. Wakasema, "Nyumba ile ina maradhi ya damu, yanarithiwa." Posa ikavunjwa. Msichana yule mpaka leo kila magharibi anakagua kope zake kwenye kioo. Linaniuma, na nitalisema kila nikipewa nafasi.

Maradhi yale ni miastenia gravisi. Mwili unatengeneza kingamwili, yaani askari wake wa kupigana na vijidudu, lakini hizi zinaharibu pale msuli unapopokea amri ya neva, yaani mshipa wa fahamu. Msuli kadiri unavyotumika ndivyo unavyolegea. Ndiyo maana asubuhi mzima, jioni hoi.

Mtaniambia, "Si na kinga tunairithi?" Tunairithi, sikatai. Zipo jeni za HLA, zile zinazoongoza kinga ya mwili, zinazomfanya mtu awe mwepesi kupatwa, hasa wanawake wanaoanza kuugua ujanani. Lakini wepesi wa kupatwa si maradhi! Tazameni pacha wa yai moja, jeni zao zilezile: mmoja akiugua, ni kama mara moja katika tatu ndipo mwenziwe naye huugua. Ingekuwa damu peke yake, nani angesalimika? Na wagonjwa walio wengi hawana jamaa hata mmoja mwenye maradhi haya.

"Na kile kichanga cha mama mgonjwa kilichozaliwa kimelegea, hakiwezi kunyonya?" Kingamwili za mamake zimepita kwenye kondo. Kiangaliwe hospitali, baada ya wiki chache zinakwisha. Hakikurithi maradhi.

Ya kurithi yapo, lakini ni mengine: miastenia ya kuzaliwa nayo, isiyo na kingamwili, mara nyingi jeni mbovu ya baba ikikutana na ya mama. Hapo wanaooana mtoto wa ami kwa mtoto wa ami wana la kumuuliza daktari.

Naoneshwa saa. La dawa siliachi: mgonjwa akiandikiwa jentamaisini, dawa ya bakteria, au kwinini, ya malaria, aseme kwanza ana miastenia, maana zinaweza kumlegeza hata pumzi.

Wenye karatasi za hospitali nitaziangalia pale barazani. Tuanze na waliotoka Makangale, wasikose gari.