Leo Tena Besi

Ndugu walimu wa kwaya, naona mstari wa nyuma wameshaanza kutabasamu. Leo tena besi? Ndiyo, leo tena besi, ile sauti ya chini kabisa ya wanaume.

Chukueni wimbo "Elvira" wa The Oak Ridge Boys, kundi la muziki wa kantri la Marekani, mwaka 1981. Joe Bonsall, mwenye sauti ya tenor, anaimba beti. Mrembo, macho, mapenzi, yaleyale tu. Anafika kwenye kiitikio, halafu wote wanampisha mtu mmoja, Richard Sterban. Um-papa, um-papa, anateremka mpaka kule chini ambako besi wetu wengi huanza kukohoa. Halina maana hata kidogo hilo um-papa, na ndilo kila mtu alilorudi nalo nyumbani.

Na wimbo wenyewe haukuwa mpya! Dallas Frazier, mtunzi, aliurekodi mwaka 1966. Kenny Rogers, huyu huyu mnayempenda huko Kenya, naye aliurekodi na kundi lake la zamani. Haukufika mbali. Miaka 15 baadaye ukapata besi aliyekomaa, mtu aliyekuwa akimwitikia Elvis Presley jukwaani, ukapanda hadi namba 1 kwenye chati ya kantri, namba 5 kwenye chati ya nyimbo zote Marekani, ukaleta na tuzo ya Grammy. (Elvira, kwa wanaonuna kwamba tunamwimba mwanamke, ni jina ambalo Frazier aliliona kwenye kibao cha mtaa kule Nashville. Tulieni.)

Mtaniambia, mwalimu, unatuletea nyimbo za kidunia. Sasa Oak Ridge ni nini? Ni mji wa Tennessee uliojengwa kwa siri wakati wa vita kutayarisha urani ya bomu la atomiki, na kundi lilipata jina hilo kwa kuwaimbia watu wa pale nyimbo za injili. Sauti nne, kama zetu. Walichouza sokoni kilipikwa kanisani.

Sisi je? Juzi nilikuwa jaji kwenye mashindano fulani. Soprano wana maikrofoni tatu. Besi, watu kumi na mmoja, wana moja, waya umefungwa kwa selotepu, inakwaruza. Namwuliza fundi mitambo, ananijibu, "Hao wanasikika wenyewe, mzee." Nilikuwa nimekaa hatua tano kutoka kwao. Niliona midomo tu! Halafu mwalimu wao ananifuata nje kuuliza kwa nini alama zimeshuka.

Nilikuwa na la kinanda pia, kwamba kinanda kikipiga noti za besi, besi hulala. Na la pumzi. Mwenyekiti ananionyesha saa. La pumzi basi, siku nyingine.

Besi, njooni mbele. Wewe mwenye koti la kijivu, usijifiche nyuma ya nguzo, nimekuona. Mkono kifuani, hapa. Mdomo wazi. Tunaanzia chini, polepole, bila kinanda.