Mbwa Aliyemaliza Kazi

(Mhadhara uliotolewa Lubumbashi, mbele ya wafugaji wa mbwa na wanafunzi wa udaktari wa mifugo)

Wababa, wamama, na ninyi vijana mliojaa kule nyuma, asanteni kwa kuja. Leo nazungumzia mbwa aliyemaliza kazi: kazi ya mbio, ya ulinzi, yoyote ile aliyofanyishwa na binadamu. Hoja yangu naitoa mapema, ili hata atakayewahi gari aondoke nayo: mbwa wa namna hiyo asipewe nyumba ya kudumu kabla hajakaa kwanza katika nyumba ya muda, kwa mtu anayemwangalia mchana na usiku. Tukiruka hatua hiyo, tunagawa mbwa tusiyemjua.

Mtauliza, mbona naanza na mbwa wa mbio wakati hapa kwetu hakuna hata uwanja mmoja wa mbio za mbwa? Naanza nao kwa sababu ndio waliostaafishwa kwa wingi, tena hadharani. Namsema greyhound, yule mbwa mrefu, mwembamba, kifua kikubwa, anayekaribia kilomita 70 kwa saa. Mbio za kumfukuza sungura wa bandia zilianzia Marekani, na Uingereza zikafika mwaka 1926 katika uwanja wa Belle Vue, Manchester. Mbwa huyo hukimbia mpaka miaka mitatu au minne, mara chache mitano, wakati uhai wake unaweza kufika miaka 12. Kazi inakula sehemu ndogo ya umri. Sehemu iliyobaki, nani ataigharamia? Kwa muda mrefu, mbwa wengi waliochoka walijibiwa kwa risasi au sindano.

Mwaka 2018 yalitokea mawili. Kule Macau, China, uwanja wa mbio za mbwa wa Canidrome ulifungwa mwezi Julai, mbwa zaidi ya 500 wakabaki mle ndani bila mwenyewe. Shirika la kutetea wanyama la Anima, likiongozwa na Albano Martins, likawachukua na kuwatafutia watu hadi Italia, Ufaransa, Uingereza na Marekani. Novemba mwaka huohuo wapiga kura wa jimbo la Florida, Marekani, waliamua mbio hizo zikome, na mwisho ukawekwa 31 Desemba 2020. Florida basi walikuwa na miaka miwili ya kujiandaa. Vikundi vilivyokuwa vikipokea mbwa wa mbio tangu zamani vilikuwa na familia zilizozoea kazi hiyo, na vingi viliona watu wanaotaka mbwa wakiwazidi mbwa wenyewe. Hilo ndilo linalonivutia. Huruma ilikuwepo Macau, ilikuwepo Florida. Lakini palipo na nyumba za muda zilizokwisha zoea, kazi inakwenda bila hofu.

Sasa tuingie ndani ya nyumba yenyewe. Greyhound aliyekulia kwenye vibanda vya uwanja hajawahi kuishi kwenye nyumba ya watu. Hajui kioo ni nini, anaweza kuparamia mlango wa kioo kwa mbio zake zote. Kwa hiyo mwenyeji hubandika vipande vya karatasi kwenye kioo, usawa wa macho ya mbwa. Ngazi nazo zinamshinda. Anasimama chini, anatetemeka, miguu ya mbele juu, ya nyuma imekataa. Mtu hukaa nyuma yake, akaushika mguu mmoja akaupandisha, halafu mwingine, ngazi hadi ngazi, hadi mbwa aelewe. Shingo yake ni nene kuliko kichwa, ukanda wa kawaida unachomoka. Anavishwa ukanda mpana unaojikaza kidogo anapovuta. Haachiwi kamba mahali pasipo uzio, maana akiona kitu kinakimbia, masikio yanafunga, na ndani ya sekunde chache yuko mbali.

Kuna jambo la usingizi, nalo wamama wenye watoto walisikie vizuri. Baadhi ya mbwa hawa hulala macho wazi, na wakiguswa ghafla hushtuka, wakanguruma, pengine wakauma, kabla hawajajua wako wapi. Wengi wamezoea kulala kwenye vibanda bila kusumbuliwa, hakuna aliyewahi kuwakanyaga mkia usingizini. Dawa yake ni kumwita jina kwanza, kwa sauti ya kawaida, aamke mwenyewe. Na mahali pake pa kulala pasiwe njia ya watoto. Familia isiyoambiwa haya itamrudisha mbwa wiki ya kwanza, na itasema ni mkali. Familia iliyoambiwa na mtu aliyeishi naye itakaa naye hadi uzee.

Wanafunzi, lenu ni hili. Greyhound ana mafuta machache mwilini na ini lake huvunja polepole dawa fulani za usingizi, hasa thiopental, hivyo anaweza kukawia sana kuamka. Chembe nyekundu za damu yake ni nyingi kuliko za mbwa wengine. Ukisoma kipimo chake kwa jedwali la kawaida unaweza kudhani amekaukiwa maji na kumbe ni mzima. Meno mara nyingi ni mabovu. Magonjwa ya kupe yapimwe.

Kupe nao ni wetu, kwa hiyo nigeukie nyumbani.

Hapa Lubumbashi mbwa wetu wa kazi ni mbwa wa ulinzi. Anafungwa mchana, anafunguliwa usiku, analinda depo, gereji, lupango (kiwanja cha nyumba) ya patron. Anapozeeka, miguu ya nyuma ikilegea, au patron akihama, ndipo geti linafunguliwa na mbwa anaambiwa aende. Nimempokea mmoja wa namna hiyo, wa asili ya Kijerumani, mgongo umeshuka, sikio moja limechanika. Kuingia ndani alikataa. Alikuwa akizunguka kando ya ukuta tu, duru baada ya duru, njia ileile, mpaka majani yakafa pale alipokuwa akipita. Jua likizama alikwenda kusimama getini, akimsubiri mtu wa zamu. Ingekuwa tumempeleka siku hiyohiyo kwa familia yenye watoto watano na wageni kila saa, angeuma mtu. Kwangu alijifunza taratibu kwamba usiku ni wa kulala. Nilimtandikia gunia barazani, kwa sababu baridi ya Juni na Julai juu ya saruji haifai kwa viungo vya mzee. Bukari (ugali) yake nilichanganya na ndakala (dagaa), bila chumvi. Baadaye alichukuliwa na mzee anayeishi na mkewe, lupango tulivu, watoto wamekwisha kuolewa. Nilijua anawafaa kwa sababu nilikuwa nimeishi naye.

Nasikia mara nyingi: watu wana njaa, wewe unalisha mbwa. Nalichukua swali hilo kwa uzito. Lakini mbwa aliyefukuzwa getini haendi kusikojulikana. Anakuja kwenye avenue yetu, kwenye jalala letu, karibu na shule ya watoto wetu. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa waliambukizwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, kwa kawaida hakuna hospitali ya kumwokoa. Kwa hiyo mbwa anayeingia nyumba ya muda anachanjwa kwanza na kutengwa na mbwa wengine. Na yeyote akiumwa na mbwa, aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu akimbilie chanjo siku hiyohiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Kuchagua familia ya kudumu, mimi siangalii gari wala ukubwa wa nyumba. Nauliza nani anabaki nyumbani mchana. Nauliza kama nyumba ni ya kupanga, na kama mwenye nyumba amekubali, kwa maandishi. Nauliza watoto wa jirani hurusha mawe au la. Naenda kuona ukuta na geti. Na nataka sahihi juu ya sharti moja ambalo vikundi vingi vya greyhound hulitumia: ukishindwa, mbwa anarudi kwetu, hauzwi, hapewi shemeji, hafungwi mnyororo nyuma ya jiko. Kurudisha si aibu.

Mwenyeji wa muda naye atapenda kumbakiza mbwa. Nalielewa hilo, kumwachia kunauma kwelikweli. Ila akibaki, nafasi imekwisha, na yule anayefuata atakutana na geti lililofungwa. Ukiona moyo umekamatwa, tuambie mapema tutafute mwenyeji mwingine kwa ajili ya anayekuja.

Karatasi ya majina iko mezani, karibu na mlango. Andikeni komini yenu, ukuta ukoje, nyumbani kuna watoto wa umri gani, na ni miezi gani mnaweza kupokea. Asiye na lupango aandike pia, tunahitaji watu wa kusindikiza mbwa kwa daktari na kuwatembelea walipopelekwa. Sasa napokea maswali, nianze na mama pale mbele aliyeinua mkono tangu nilipotaja watoto.