Kukata Leya Nyumbani: Futi Kwanza, Mkasi Baadaye

Habari za mchana. Karibuni, na asanteni mliokumbuka kuja na futi ya fundi cherehani, maana leo futi ndiyo itakayofanya kazi kubwa kuliko mkasi.

Leya ni nywele za juu kuwa fupi kuliko za chini, zikapandana tabaka kwa tabaka badala ya kuning'inia kama pazia. Hilo mnalijua. Linalowapita wengi ni kwamba tabaka hiyo haitokani na mkono mwepesi wala mkasi wa bei mbaya. Inatokana na umbali. Vuta unywele kutoka unapoota hadi pale utakapoukata: utabaki na urefu wa safari hiyo, si zaidi, si pungufu. Uliosafiri kidogo unabaki mfupi, uliosafiri sana unabaki mrefu. Vidal Sassoon, yule fundi wa London wa miaka ya 1960, alijijengea jina kwa kuutazama ukataji hivyo hivyo: mistari na pembe, nywele zikikatwa sawa zikae zenyewe bila kutegemea rola.

Haya, futi mkononi. Pima kutoka nywele zinapoanzia kwenye paji, pita juu ya kichwa, shuka hadi zinapoishia kikosini. Watu wazima wengi mtapata kama sentimita 35. Kutoka paji hadi utosini, 18 hivi. Kutoka juu ya sikio hadi katikati ya paji, 15 hivi. Mwisho, kutoka zinapoanzia nywele hadi kidevuni, 18 au 19. Andikeni namba zenu wenyewe, msiandike zangu.

Sasa njia inayopendwa majumbani: kukusanya nywele zote kwenye mkia mmoja juu ya paji, kisha kukata ncha. Watu huiona kama kamari. Si kamari, ni kujumlisha. Tuseme umeacha sentimita 20 kutoka kwenye mpira hadi kwenye mkasi. Unywele wa mbele kabisa, ulioota pale pale penye mpira, utabaki na 20, yaani unagusa kidevu. Wa juu ya sikio utabaki na 15 jumlisha 20, ni 35. Wa utosini, 38. Wa kikosini, 55. Umeona leya zinavyojitengeneza zenyewe? Mbele fupi, nyuma ndefu, na katikati zinashuka taratibu.

Na hapo hapo ndipo penye jibu la swali tunaloulizwa kila siku: "Mbona nimekata mbele zimeisha, nyuma hakuna kilichobadilika?" Kama nywele zako za kikosini zina sentimita 40, zikifika kwenye mpira wa paji zimebakiza tano tu. Mkasi uko kwenye 20. Haujazigusa hata kidogo. Na kama nywele zako ni za mabegani, zile za kikosini hazifiki hata kwenye mpira. Zitabaki zinachomoka shingoni. Kwa hiyo mkia wa paji ni wa nywele ndefu, zinazopita mabega na kuteremka mgongoni. Mwenye nywele za mabegani asiuguse, njia yake inakuja.

Maandalizi. Nywele za dawa, na zile za asili zilizolala au zenye mawimbi, zikatwe zikiwa kavu, zimechanwa na kunyooshwa kwa draya. Nywele mbichi hunyumbuka. Unakata ukidhani umetoa sentimita mbili, zikikauka zinapanda, unakuta umetoa nne. Tumia kitana chenye mkia na vibanio. Mkasi uwe wa nywele, wa inchi tano na nusu au sita. Ule wa jikoni una makali mazito: unazisukuma nywele kabla ya kuzikata, mstari unapinda, na ncha zinabaki zimepondeka, baada ya wiki chache zimepasuka. Ukitaka kujua kama mkasi ni mkali, kata tishu iliyolowa. Ikikatika safi, endelea. Ikijikunja katikati ya makali, rudisha mkasi kabatini.

Inamisha kichwa mbele, chana kutoka kikosini kuja pajini, funga mpira katikati, usawa wa pua. Simama mbele ya kioo uhakikishe, kwa sababu mpira ukisogea sentimita moja kulia, nywele za kushoto zinasafiri zaidi na zitakuwa ndefu. Chana tena mkia wenyewe. Funga mpira wa pili pale unapotaka kukata, halafu, tafadhali, ushushe sentimita tatu kuelekea kwenye ncha. Hizo tatu ni akiba ya mara ya kwanza. Usikate mkia mzima kwa pigo moja: fungu nene huutelezesha mkasi, na nywele za pembeni hutoka ndefu kuliko za katikati. Kata kidogo kidogo kutoka ukingoni. Kisha simamisha mkasi wima, ncha zake zikielekea kwenye mpira, uchonge ncha za nywele kwa kina cha nusu sentimita hadi moja. Kuchonga huko ndiko kunakoondoa ule mstari mkavu unaomfanya mtu aonekane amekatwa kwa panga.

Wa mabegani sasa. Gawa njia mbili sambamba, upate ukanda wa upana wa sentimita mbili kutoka paji hadi utosini. Kwingine kote bana. Chukua fungu la kwanza karibu na utosi, livute juu wima kuelekea dari, likae katikati ya vidole viwili. Kata sentimita tatu. Hicho ndicho kipimo chako. Fungu linalofuata lichukue pamoja na nywele chache za kipimo, uzione zikipita katikati ya vidole. Zikiishia hapo, nawe kata hapo. Ukimaliza ukanda, fungua upande mmoja, chukua mafungu ya sentimita mbili mbili, yote yapandishe hadi katikati ya kichwa palipo na kipimo. Utafika mahali nywele hazifiki tena. Ziache! Hizo ndizo zinazoshika urefu wa chini. Anayezilazimisha kwa kushusha mkono huishia kupunguza kila kitu. Nyuma mwombe mtu akusaidie; mkono unaojikunja kisogoni haukati mstari ulionyooka.

Kwa wenye nywele za dawa nyepesi kwenye ncha: leya zinachukua nywele kutoka chini na kuzipeleka juu. Kama chini tayari ni haba, utabaki na mkia wa panya. Kwetu hapo jibu ni moja: kata ncha sawasawa, ngoja zijae, leya baadaye.

Kipilipili ni hesabu nyingine. Unywele wa sentimita 20 ukivutwa unaweza kuonekana wa nane tu ukijikunja, na haujikunji sawa kichwa kizima. Utosini unaweza kujikunja tofauti na kikosini. Ukizinyoosha kwa pasi ukakata leya safi, siku ukiziosha utakuta mabonde na vilima. Kama unazivaa zikiwa zimejikunja, zikate zikiwa kwenye misokoto ya nyuzi mbili, minene kama kidole kidogo, imekauka kabisa. Iache ining'inie inavyotaka, bila kuivuta, kisha punguza ncha msokoto mmoja mmoja, nusu sentimita kwa mara. Nusu hiyo si ndogo: kwa unywele uliojikunja hivyo, ni zaidi ya sentimita moja ya urefu wa kweli.

Nimeulizwa hapa mbele kuhusu kurekebisha. Upande mmoja ukizidi, vuta nywele mbili zinazolingana, moja kila upande, zilete chini ya kidevu, ulinganishe kwenye kioo ukiwa umenyoosha shingo. Punguza ule mrefu nusu sentimita, pima tena. Ukikata kwa hasira kulia, kesho utakata kushoto. Ikitokea ngazi, yaani tabaka ya juu inaishia ghafla na ya chini inaanza mbali, shika fungu linalobeba zote mbili, livute wima, utaona kona imechomoza. Chonga hiyo kona peke yake. Pengo je, pale ulipokata fupi mno? Pengo halikatwi. Nywele huota karibu sentimita moja kwa mwezi, kipilipili mara nyingi pungufu kidogo. Pengo la sentimita tatu ni miezi mitatu hadi minne ya kubana nywele pembeni.

Na wigi, naona mkono ule nyuma. Hesabu ni ile ile, ila wigi halioti. Livae kwanza, lisimame linapokaa kweli kichwani, kwa sababu likikatwa mezani mstari wake wa mbele hukaa kwingine kabisa. Toa nusu ya ulichopanga, vua, likung'ute, livae tena. Kama ni la plastiki, mkasi huo usiutumie tena kwenye nywele zako. Nyuzi zake hula makali upesi.