Chumvi ya Kuvukia

Shikamooni wazee. Vijana, habari za jioni.

Nimeombwa niseme na nyinyi, waandishi chipukizi wa hapa Kigoma, namna ya kubuni viumbe wa sayari nyingine, hasa miili yao inavyobadilika wanapotoka utotoni. Hadithi zenu nimezisoma. Nyingi zina kiumbe wa kijani anayefikisha umri fulani, anaota pembe, basi. Kwa nini pembe? Kwa nini siku ile? Kimya.

Mwili haugeuki bure. Mgebuka mnayemla kila siku, akiwa mdogo hula vijidudu vya majini na uduvi. Akikomaa anawageukia dagaa. Chura ndiye mwalimu mkubwa zaidi. Kiluwiluwi anayekula ukoga ana utumbo mrefu uliojikunja kama kamba ya ngalawa. Akigeuka, utumbo unafupika, mkia unayeyukia mwilini, na kwa siku kadhaa hali kitu. Hapo ana miguu na bado ana mkia: haogelei vizuri, haruki vizuri. Nyoka wanalijua hilo. (Naona mzee wangu pale mbele anatikisa kichwa. Umewaona, eeh?)

Sasa, nani anayetoa amri? Mwaka 1912 mtafiti Gudernatsch alichapisha habari ya viluwiluwi aliowalisha tezi ya thairoidi, ile ya shingoni ambayo ikivimba tunaita rovu. Wakageuka vyura kabla ya wakati, vijichura vidogo mno. Ukiiondoa tezi hiyo, kiluwiluwi anabaki kiluwiluwi, ananenepa tu. Na tezi haifanyi kazi bila madini joto, haya haya yanayotiwa kwenye chumvi ya dukani.

Hapo ndipo nilipopata viumbe wangu. Nawaita Wazeli. Watoto wao wanaishi ziwani, wana mapezi na matamvua. Watu wazima wanaishi nchi kavu. Kuvuka kunachukua siku arobaini, mdomo umeziba, ngozi laini kama ya yai lililomenywa. Kwa hiyo wanafichwa, wanalindwa, wanaimbiwa. Sikuwabunia jando kwa kupenda ngoma. Ngozi ndiyo iliyodai jando.

Lakini hakuna Mzeli anayevuka bila chumvi ya chemchemi moja. Nyumbani tuna Uvinza, pale Ruchugi inapokutana na Malagarasi, watu wamechemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na misafara ikaja kuinunua. Hebu fikirini, ingekuwa mwenye Uvinza ndiye anayeamua mtoto wa nani atakua na wa nani atabaki majini mpaka uzeeni! Mexico yuko mnyama anayeitwa aksolotli, anazeeka na kuzaa akiwa bado na matamvua yake. Kwa Wazeli maskini, hiyo si ajabu ya maumbile. Ni deni.

Mmoja ameniuliza pale mlangoni: akivuka, anakumbuka utoto wake? Mwaka 2008 watafiti walichapisha jaribio la viwavi waliofundishwa kuikimbia harufu fulani. Baadhi yao, baada ya kuwa nondo, bado waliikimbia. Basi Mzeli wangu anakumbuka. Anajua kabisa dada yake yuko wapi. Kila jioni anashuka ufukoni na kifurushi cha chumvi ya wizi, na dada hajatokeza kichwa bado.

Hapo nimekwama. Anayetaka kuimalizia, kalamu hii hapa.